Mcheza Dansi na Kwao

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na huku Nzahaha, wilayani Rusizi nchini Rwanda, usemi huo hauhitaji maelezo. Intore, mcheza ngoma ya jadi ya Rwanda, akiingia uwanjani siku ya posa, umugara wa katani kichwani, mkuki mkononi, njuga za amayugi miguuni, hakuna mgeni asiyejua anachokitazama. Kisigino kikigonga ardhi, njuga zinaitika. Shingo ikizungushwa, umugara unafagia hewa. Wazee wanatambua hatua iliyokosewa, na kina mama wanajua pa kupigia vigelegele. UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi Desemba 2024, lakini ilikuwa na wenyewe tangu enzi za wafalme.

Je, anayecheza dansi ya kisasa, kwao ni wapi? Huyu hujiviringisha sakafuni, husimama kimya ngoma ikiendelea, huanguka makusudi. Hakuna anayemwalika harusini. Nyumbani wanamuuliza kama anaumwa. Mjini wanamuuliza kazi yake hasa ni ipi. Mtu wa namna hiyo hana wa kumtunza mpaka awapate wenzake. Ndiyo sababu nalisifu tamasha.

Kigali, ukishavuka msitu wa Nyungwe, kuna tamasha la dansi la East African Nights of Tolerance, maarufu kama EANT. Mwanzilishi wake ni Wesley Ruzibiza wa kundi la Amizero, lililoundwa mwaka 2005. Ruzibiza alipita École des Sables, shule ya Germaine Acogny huko Toubab Dialaw, Senegal, na baadaye akawa mmoja wa wakurugenzi wake wa sanaa. Kabla yake, mcheza dansi Faustin Linyekula wa Kongo alikuwa amekwenda Nairobi kucheza na mwenzake Opiyo Okach. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani. Hakuna hata mmoja wao aliyekua kisanaa peke yake. Kila mmoja alipokelewa mahali, naye akaenda kufungua mlango wake.

Watazamaji huja jioni, taa zikiwaka. Ufundi wenyewe hufundishwa kwenye warsha, mchana kweupe. Wawili wasiojuana wanasimama, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mbele anafumba macho na kujiachia. Wa nyuma akitegemea mikono tu, wote wawili wataumia. Inambidi akunje magoti, aupokee uzito kwa kifua na mapaja, aufuate mpaka chini bila kuupinga. Kisha wanabadilishana nafasi. Mmoja ametoka Bujumbura, mwingine Kampala. Maelekezo yanatolewa kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na kinachobaki kinaelezwa kwa bega na goti. Baada ya saa moja ya kazi hiyo, kila mmoja anajua mwenzake anapumuaje na anaogopa upande gani. Mikutano mingi ya ujirani mwema haifiki hapo.

Sisi wa Rusizi tunaijua thamani ya jambo hilo. Kituo cha mpakani cha Ruhwa hakiko mbali nasi, na Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Wacheza dansi hawana uwezo wa kufungua mpaka. Wanachoweza ni kujuana kabla haujafungwa, ili siku utakapofunguliwa kuwe na mtu wa kumpigia simu.

Basi kutunza kumebaki kwetu. Tamasha likitangazwa, lipa kiingilio, keti mpaka mwisho, na usipoelewa, muulize mchezaji mwenyewe. Hakuna anachokipenda zaidi ya swali la kweli. Nanyi waandaaji, msiishie kwenye kumbi za Kigali. Leteni hata warsha moja huku wilayani. Vijana waliojifunza hatua za intore wana miguu iliyokwisha kuiva. Wanachokosa ni nauli.