Zima, Washa

Zima, washa. Ndiyo tiba ya kwanza ya fundi simu yeyote wa Musoma, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa kuwa haina bei. Aprili 2013 NASA ilirusha setilaiti tatu za majaribio zilizoitwa PhoneSat. Mbili kati yake zilibeba simu ya Nexus One, ile ile ya dukani, pamoja na sakiti ndogo yenye kazi moja: simu ikinyamaza, iizime na kuiwasha upya. Zilikaa angani takriban wiki moja, zikatuma picha za dunia, kisha zikaungua. Roketi ina wapiga makofi wa kutosha. Mimi namsifu aliyeifikiria sakiti ile.

Kipande cha dukani hakikuundwa kwa maisha ya huko. Hakuna hewa ya kupoza, jua na kivuli hupokezana katika kila mzunguko wa dakika 90 hivi, na chembe za mionzi hupenya hadi kwenye memori na kugeuza sifuri kuwa moja. Wakati mwingine hufungua njia ya umeme isiyokusudiwa. Mkondo unapanda, aisii inaungua. Umeme ukikatwa upesi na kurudishwa, mara nyingi kipande hupona.

Pale Barabara ya Mukendo, Musoma, fundi akitafuta shoti hupaka spiriti juu ya bodi, anaingiza umeme kidogo, anatazama panapokauka kwanza. Jicho linamtosha. Anayepima setilaiti hana jicho wala kidole: ana volti, mkondo, joto, na hesabu ya mara ngapi mtambo umejiwasha upya. Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda. Wahandisi wa Surrey, Uingereza, walipoweka hitilafu za memori za setilaiti zao za UoSAT kwenye ramani, zilionekana kujazana juu ya Atlantiki ya Kusini na Brazil, ambako ukanda wa mionzi umeshuka karibu na dunia.

Na muda wa kusoma namba hizo ni mfupi. Kwa mwendo wa setilaiti iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, Musoma hadi Bunda ni sekunde zisizofika kumi. Mpiga debe stendi hajamaliza kutaja nauli.

Kwetu Afrika Mashariki, njia ya setilaiti hizi ndogo ilifunguliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi: 1KUNS-PF, iliyoachiwa Mei 2018. Uganda nayo iliingia Desemba 2022 na PearlAfricaSat-1, kazi ya Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke waliosomea chuo cha Kyutech, Japani. Kila moja ilikuwa mchemraba wa sentimita kumi. Ile ya Uganda ilikusudiwa, pamoja na mengine, kusaidia kufuatilia ubora wa maji, na ziwa lao la Victoria ndilo hili linalopiga Mwigobero, hapa Musoma.

Kwa anayejenga kwa vipande vya dukani, shida inayobaki ni ya sokoni. Kiwanda hubadilisha kipande bila kubadilisha jina lake, kama anavyojua yeyote aliyenunua vioo viwili vya simu vyenye lebo moja. Kwa hiyo mpimaji makini hununua vingi vya toleo moja, vingine avitikise, avichome na kuvipiga mionzi maabarani hadi vife, na kumbukumbu za vifo hivyo azitunze kuliko za vilivyopona.