"Run" si Kukimbia Tu

Nimesoma miswada kadhaa ya vijana wenzangu na, jamani, kuna neno moja la Kiingereza linatumaliza: run. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford kitenzi hiki kina maana zaidi ya 600. Sisi tumekariri moja, kukimbia. Ndiyo maana baba wa kwenye hadithi "anakimbiza duka" (duka lina miguu?) na pua ya mtoto "inakimbia". Kwetu duka huendeshwa, kamasi humtoka mtoto, kanga huchuja, ubunge hugombewa. Maneno manne, kila moja na picha yake, tunayatupa ili tuonekane tumesoma! Mwingereza naye ahangaike na piga yetu: pasi, deki, simu, mswaki.