Sekunde nne za manowari Leven

Marobota ya mitumba ya Gikomba na vipuri vinavyouzwa Kariobangi, Nairobi, huanza safari yake ya nchi kavu Kilindini, bandari ya Mombasa, kabla ya makontena kufika Embakasi, kwenye bandari ya bara iliyofunguliwa 1984. Ghuba iliyo ndani ya Kilindini inaitwa Port Reitz. Jina hilo ni la John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliyefika Mombasa na manowari ya matanga iliyoitwa Leven. Habari za Leven husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa: mwaka 1824 nahodha wake, William Fitzwilliam Owen, alikubali ombi la Wamazrui wa Mombasa waliotaka kinga dhidi ya Sayyid Said wa Oman, akamwacha Reitz kuwa mkuu wa mji, na serikali ya London ikaukataa mpango wote kufikia 1826. Kazi iliyomleta Owen ilikuwa nyingine, na ndiyo inayostahili kuchambuliwa: kuchora ramani ya bahari, kuanzia kusini mwa Afrika hadi Arabuni.

Leven ilishushwa majini Ipswich mwaka 1813. Vita vya Napoleon vilipomalizika 1815, Uingereza ilibaki na manowari na maofisa wengi wasio na kazi, na baadhi wakaelekezwa kwenye upimaji. Owen aliondoka Uingereza 1822 akiandamana na Barracouta, merikebu ndogo iliyojengwa Woolwich na kushushwa 1820. Barracouta ni ndugu wa Beagle wa tumbo moja: muundo ule ule, mwaka ule ule, kiwanda kile kile. Beagle ilipata umaarufu baadaye kwa kumbeba Darwin. Barracouta imesahaulika, ingawa ndiyo iliyotangulia kutia nanga Mombasa, Desemba 1823, chini ya Alexander Vidal.

Ukinunua kiwanja Kayole au Utawala, mpima ardhi huanza kwa kutafuta bikoni: alama iliyokwisha kupimwa, ambayo kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Owen hakuwa na bikoni kwenye mwambao huu. Ilibidi alama zake azipate kutoka kwa jua na saa.

Latitudo ilikuwa rahisi. Adhuhuri, ofisa hupima kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, kimo cha jua linapofika juu kabisa, kisha hutazama majedwali. Longitudo ndiyo iliyokuwa na matata. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, hivyo tofauti ya saa ya mahali ulipo na saa ya Greenwich ndiyo umbali wako kwenda mashariki au magharibi. Saa ya Greenwich ilisafirishwa ndani ya kronomita, saa ya usahihi mkubwa, na zilibebwa zaidi ya moja ili zikaguane. Hapo ndipo hatari ilipo. Karibu na ikweta, kosa la sekunde 4 tu linasogeza mwamba kwa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Nahodha anayeingia Mombasa usiku kwa ramani yenye kosa hilo hukuta matumbawe mahali alipotazamia mlango. Kwa hiyo kila merikebu hizo zilipotia nanga, maofisa walishuka pwani, wakapima jua kwa kutazama taswira yake ndani ya sinia la zebaki iliyotulia, na kukokotoa kila kronomita inakimbia au inachelewa kiasi gani kwa siku.

Umbali kati ya vituo viwili ungeweza kupimwa kwa mzinga. Mmoja anafyatua, mwingine anahesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 5 ni kilomita 1.7. Mstari huo mmoja ukishajulikana, pembe za sekstanti na dira hujenga pembetatu juu ya pembetatu, kutoka kilima hadi kisiwa.

Kisha kina cha maji, kazi iliyomeza watu. Bildi ilikuwa kipande cha risasi cha kilo 3 hadi 6 kwenye kamba yenye alama: ngozi ya ncha mbili kwenye pima 2, ncha tatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye 5, chekundu kwenye 7, ngozi iliyotobolewa kwenye 10. Pima moja ni mita 1.83. Vitambaa vilikuwa vya aina tofauti ili baharia avitambue gizani kwa kugusa. Chini ya bildi mna shimo linalopakwa shahamu, nayo hurudi imenasa mchanga, tope au vipande vya kombe, na hivyo ramani humwambia nahodha kama nanga yake itashika. Kila kipimo kilibidi kirekebishwe kulingana na maji kupwa, maana wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Merikebu kubwa haiwezi kuingia kwenye vijito vya mikoko. Mashua ziliingia, zikienda kwa makasia, watu wakilala humo au ufukweni. Kwa maoni yangu usahihi wa ramani na wingi wa vifo vilitoka kwenye chanzo kimoja: kadiri walivyopima kwa makini ndivyo walivyokaa zaidi mahali penye mbu. Uhusiano wa mbu na malaria ulithibitishwa na Ronald Ross 1897 tu. Madaktari wa Leven waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za zebaki. Reitz mwenyewe alikufa kwa homa Mei 1824, hata miezi minne hajatimiza. Owen aliporudi kwao 1826 alikuwa na ramani zipatazo 300, na zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao walikuwa wamekufa.

Nayo majina yaliyoandikwa kwenye ramani hizo, Pangani, Kilwa, Pate, hayatoki kwenye sekstanti. Yalitamkwa na wenyeji na wakalimani, na ingefaa vitabu vyetu vya shule viwataje watu hao pamoja na Owen.

Udhaifu wa kupima kwa bildi uko wazi. Bildi hupima nukta moja. Kati ya nukta mbili mwamba unaweza kujificha. Ndiyo maana maji yaliyopimwa na mashua za Leven yamelazimika kupimwa upya, sasa kwa mawimbi ya sauti yanayofagia sakafu nzima ya bahari.