Kuunganisha au Kuoanisha? Tahakiki ya Istilahi za Majedwali Yanayopoteza Rekodi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo zimetufikia kwa kasi kuliko uwezo wetu wa kuzipima, zimo zile za hifadhidata. Na katika hizo hatujaona iliyoleta hasara ya dhahiri kuliko neno moja jepesi, nalo ni "kuunganisha". Tunasema hasara ya dhahiri kwa sababu aghalabu ubishi wa istilahi huishia katika ladha. Huyu alipenda "ngamizi", yule "kompyuta", na ndugu zetu wa Kenya wakachagua "tarakilishi"; mashine yenyewe ikaendelea na kazi bila ya kujali inaitwaje. Safari hii sivyo. Neno likipotoka hapa, jina la mtu hutoweka katika orodha, na aliyeitayarisha orodha hana habari.

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuitazama lugha ya mwongozo uliokusudiwa kuwafundisha makarani wa chama kimoja cha ushirika wa wakulima. Chama chenyewe hatutakitaja. Kulikuwa na majedwali mawili: la kwanza la wanachama, la pili la stakabadhi za mazao yaliyopokelewa ghalani. Karani aliagizwa atoe orodha ya wanachama wote pamoja na kilo walizoleta, ibandikwe kabla ya mkutano mkuu. Akafuata mwongozo neno kwa neno: "unganisha majedwali mawili kwa namba ya uanachama." Orodha ikatoka safi, na jumla ya kilo ikalingana barabara na daftari la ghala. Siku ya mkutano wakaja watu mlangoni wasiyaone majina yao. Walikuwa ni wale ambao msimu ule hawakuleta kitu, huyu kwa ugonjwa, wengine kwa sababu mvua ziliwanyima. Asiyevuna hajaacha kuwa mwanachama, lakini orodha ilisema ameacha. Karani alipoulizwa alijibu kwa unyofu kabisa: "Mimi nimeyaunganisha yote mawili, sasa watu wapungueje?"

Tunaona kwamba swali hilo ni la lugha kabla ya kuwa la kompyuta. Kitenzi "unga" na jamaa zake wote, "ungana", "unganisha", "kiungo", "muungano", hubeba maana ya vitu viwili kuwa kimoja bila ya kimojawapo kumomonyoka. Fundi huunga mbao, mganga wa viungo huunga mfupa, na kwa Mtanzania neno "Muungano" tangu tarehe 26 Aprili 1964 halihitaji maelezo. Hakuna Mswahili atakayetazamia kwamba vitu vikiunganishwa, baadhi yake vitatupwa. Karani wetu basi alikielewa Kiswahili vizuri mno; kilichomponza ni istilahi.

Tendo lenyewe ni hili. Katika makala aliyoyachapisha mwezi Juni 1970, E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alipendekeza data zote ziwekwe katika majedwali sahili, na uhusiano baina ya jedwali na jedwali uonekane kwa thamani zinazofanana, si kwa nyuzi zilizofichwa ndani ya mashine. Kutokana na fikra hiyo ikaja lugha ya SQL, ambayo ilisanifishwa Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987. Tendo tunalolizungumzia huchukua kila mstari wa jedwali moja na kuutafutia mwenzake katika jedwali la pili. Wakipatana katika sharti lililowekwa, hutoka pamoja kama mstari mmoja. Asiyepata mwenzake, katika namna ya kawaida ya tendo hili, hatoki kabisa. Hivyo tendo hili halishoni vitu viwili pamoja. Linatafuta jozi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kuoanisha". Kitenzi "oana" tayari kina maana mbili katika matumizi ya kila siku, ya watu kufunga ndoa na ya vitu kuafikiana, na zote mbili zinatufaa. Ukimwambia karani kwamba anaoanisha wanachama na stakabadhi, yeye mwenyewe atauliza: na walio waseja je? Swali hilo ndilo ambalo mwongozo ule ulimnyima. Hatuoni haja ya kulipeleka neno "mseja" hadi kwenye jedwali, ingawa darasani litachekesha na kukumbukwa. "Rekodi pweke" inatosha kwa maandishi. Wapo watakaosema kwamba "kuoanisha" kumekwisha chukuliwa na wanasheria, wanaooanisha sheria za nchi mbalimbali. Ni kweli, na hatuoni dhara. Mwanasheria na mtunza hifadhidata hawagombanii sentensi moja.

Upinzani mwingine una uzito zaidi. Ndoa, atasema msomaji wetu, ni ya watu wawili, lakini mwanachama mwenye stakabadhi nne ataoanishwa mara nne na kutokea katika mistari minne. Tunakubali. Hata hivyo neno "kuunganisha" halikuwa likilieleza jambo hili kwa ubora wowote, na jambo lenyewe ni la hatari pacha na ile ya kupotea. Tuseme wanachama ni 400, wasio na stakabadhi ni 60, na wenye stakabadhi zaidi ya moja wameongeza mistari 60. Orodha itakuwa na mistari 400 kamili. Atakayehesabu mistari peke yake atatoa shahada kwamba hakuna aliyepotea, na watu 60 wakabaki nje. Yafaa kuhesabu namba za uanachama zilizo tofauti, si mistari.

Twende kwenye aina za tendo hili, ambako tafsiri ya neno kwa neno imefanya kazi yake mbaya kuliko kwingine. Tumekutana katika madarasa na "muungano wa ndani" na "muungano wa nje". Ndani ya nini? Nje ya nini? Aliyeyatunga maneno hayo hakujiuliza, maana hata katika lugha yalikotoka ni sitiari iliyochakaa, ambayo mwanafunzi huikariri bila ya kuiona. Aina ya kwanza huteua wenye wenza na kuwaacha wengine. Tunaiita "uoanishaji teuzi". Aina ya pili hubakiza kila mstari wa jedwali lililoteuliwa, na pale pasipo na mwenza huacha nafasi wazi. Tunaiita "uoanishaji bakizi". Jedwali ambalo mistari yake yote hubaki liitwe "jedwali bakizwa". Desturi ya kusema "wa kushoto" na "wa kulia" haina ubaya madhali mwanafunzi amekwisha jua kwamba la kushoto ni lile lililotajwa kwanza, lakini isiwe ndiyo maelezo pekee. Kushoto na kulia kwaonyesha mahali tu; kubakiza kwaonyesha linalotendeka. Na ikiwa pande zote mbili zinabakizwa, tuseme hivyo hivyo, "uoanishaji bakizi wa pande zote".

Tulipomfundisha karani wetu uoanishaji bakizi, waliopotea walirudi. Siku ya pili wakapotea tena. Alikuwa ametakiwa kuonyesha stakabadhi za msimu mmoja tu, basi akaongeza sharti la msimu mwishoni mwa ulizo lake. Mwongozo uliyaita masharti yote kwa jina moja, "sharti", na hapo ndipo ilipolala kasoro. SQL ina masharti ya namna mbili. La kwanza, linalofuata neno ON, husema nani ni mwenza wa nani. La pili, linalofuata neno WHERE, hufanya kazi baada ya jozi kupangwa, likapitisha mistari ambayo kwayo sharti ni kweli na kuiacha mingine yote. Mwanachama asiye na stakabadhi amebakizwa huku nafasi ya msimu ikiwa wazi. Sharti la mwisho linapouliza kama msimu wake ni huo unaotakiwa, jibu haliwi kweli, naye anaondolewa. Ulizo bado linasomeka kama la kubakiza, lakini limekwisha kuwa la kuteua. Dawa ni kulihamishia sharti la msimu katika sehemu ya kuoanisha. Lakini karani atahamishaje kitu kutoka mahali pasipo jina hadi mahali pasipo jina? Tunataka istilahi mbili zitenganishwe daima: "sharti la kuoanisha" na "sharti la kuchuja". Hali kadhalika, anayeongeza jedwali la tatu kwa uoanishaji teuzi baada ya kubakiza katika la pili, na kuliegemeza juu ya nafasi zilizobaki wazi, amevunja kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa mkono wa kulia.

Sasa hiyo nafasi iliyo wazi iitwe nini? Hapa tunatofautiana waziwazi na wanaotumia "batili". Hati batili ni hati iliyokuwapo na ikatanguliwa. Ndoa batili ni ndoa isiyokubaliwa na sheria. Mwanachama ambaye tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa hana tarehe batili. "Sifuri" ni kosa kubwa zaidi, maana sifuri ni namba kamili inayojumlishwa na kulinganishwa. "Tupu" inakaribia, lakini tunaihitaji kwa jambo jingine, yaani maandishi yasiyo na herufi hata moja, ambayo kwa programu nyingi ni thamani kama thamani nyingine. Sisi twapendekeza "pengo". Mwenye pengo la jino anajulikana kuwa palistahili jino, na kwa kulitazama pengo huwezi kujua jino lilikuwa la namna gani. Kutokana na hapo mwanafunzi ataelewa jambo ambalo vitabu hulieleza kwa taabu: pengo halilingani na pengo. Tukiuliza kama meno mawili yasiyokuwapo yalifanana, jibu si ndiyo wala siyo. Ni kwamba haijulikani. SQL ina majibu matatu, na wa tatu huyo ndiye anayewala watu kimyakimya. Rekodi mbili zenye pengo katika namba ya uanachama hazitaoana kamwe, hata zikiwekwa bega kwa bega.

Karani alitaka pia orodha ya wasioleta mazao. Akauliza: nipe wanachama ambao namba zao hazimo katika namba za jedwali la stakabadhi. Hakutoka hata mmoja. Ghalani kulikuwa na stakabadhi moja tu iliyoandikwa bila ya namba, nayo ilitosha. Kwa kila mwanachama asiyeonekana kwingineko, mashine ilijiuliza kama huenda ndiye mwenye pengo lile, ikashindwa kukata shauri, ikamwacha. Afadhali kubakiza wanachama wote na kisha kuchuja wale ambao upande wa stakabadhi ni pengo. Kwa njia hiyo rekodi pweke hujitokeza zenyewe. Haki itamke kwamba "pengo" nalo halimalizi kila kitu. Codd mwenyewe baadaye alitaka alama mbili tofauti, moja kwa kisichojulikana na nyingine kwa kisichohusika, lakini SQL haikumfuata, na istilahi yetu haiwezi kutenganisha kile ambacho chombo chenyewe kimekichanganya.

Limebaki jambo ambalo linatuhusu watu wa lugha moja kwa moja. Kuna rekodi zisizooana ingawa kwa jicho ni sawa. Namba 0417 iliyowekwa kama maandishi si sawa na maandishi 417. Nafasi moja mbele ya jina, isiyoonekana karatasini, yaweza kulitenga jina hilo na mwenzake. Na pale ambapo kwa uvivu watu wameoanisha kwa majina badala ya namba, Athumani wa jedwali moja ni Othman wa jingine, na Saidi amekuwa Said. Lakini lililotushangaza ni ritifaa. Alama tunayoiandika katika "ng'ombe", na katika majina ya mahali kama Mang'ula na Murang'a, katika kompyuta huja kwa maumbo zaidi ya moja: lipo lililonyooka, ambalo hutoka kwenye kibao cha herufi, na lipo lililopinda, ambalo programu za kuandikia huliweka zenyewe bila ya kuulizwa. Kwa msomaji ni alama moja. Kwa mashine ni herufi mbili zenye namba tofauti, na mkulima wa Mang'ula aliyeandikishwa kwa umbo hili hatamwona mwenzake aliyeandikwa kwa lile. Wapo wanaoandika "ngombe" bila ya alama yoyote, nao wanaongeza la tatu.

Kamusi zetu zinaeleza jinsi ng' inavyotamkwa. Ni umbo lipi la ritifaa liwe sanifu katika maandishi ya kompyuta, hatujaona mahali lilipoamuliwa kwa ajili ya makarani, na twaona ndiyo kazi inayofaa kutangulia hata hizo istilahi tulizozipendekeza hapa. Sisi tungechagua lililonyooka, kwa kuwa ndilo ambalo kila kibao kinalo.