Kicheko katika Uandishi wa Nafsi: Kati ya Shujaa na Mhasiriwa

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la insha za tawasifu anaijua hadithi hii kabla hajaisoma. Msimulizi anazaliwa katika ufukara wa kutupwa. Baba anaaga dunia katika ukurasa wa kwanza, mama anamfuata katika ukurasa wa pili. Mjomba katili ananyakua shamba. Karo inakosekana. Kisha, katika aya ya mwisho, msimulizi ni daktari bingwa mwenye gari la kifahari, naye mjomba anapiga magoti kuomba msamaha. Kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna mtu hata mmoja aliyecheka.

Hatusemi kwamba taabu hizo hazipo. Wapo wanafunzi waliozipitia, na wengine wamepitia mazito zaidi. Hao wana haki kamili ya kuziandika. Tatizo ni kwamba hata yule ambaye wazazi wake wako hai, nao walimsindikiza hadi kituo cha basi siku ya kufungua shule, huwaua kwenye karatasi kwa kuamini kwamba pasipo msiba hapana fasihi. Matokeo ni kuwa anayaacha maisha anayoyajua na kuandika maisha ya kuazima.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Katika uandishi wa nafsi, yaani tawasifu, shajara na barua ya kirafiki, mwandishi anayejua kujicheka humwonyesha msomaji ukweli ambao hauonekani anapojichora kuwa shujaa mtupu au mhasiriwa mtupu. Ili kuifafanua hoja hiyo, tutaanza na dhana ya kicheko, kisha tutazame kazi chache za Kiswahili, na hatimaye turudi darasani.

Kicheko ni nini?

Katika majibu ya karatasi ya fasihi, ucheshi ndiyo mbinu inayotajwa kwa wepesi na kuelezwa kwa udhaifu. Mtahiniwa huandika kuwa mwandishi ametumia ucheshi ili kumchekesha msomaji. Hilo ni sawa na kusema kuwa mpishi ametia chumvi ili chakula kiwe na chumvi.

Wanafalsafa wa Ulaya walijaribu kueleza kwa nini mtu hucheka. Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliona kuwa tunacheka tunapojihisi ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Immanuel Kant, mwaka wa 1790, alieleza kuwa kicheko huzuka pale tulipokuwa tukitarajia jambo kubwa nalo likageuka kuwa si chochote. Sigmund Freud, mwaka wa 1905, alikihusisha kicheko cha mzaha na kufunguka kwa hisia zilizobanwa. Kwa ufupi, tuna kicheko cha kujiona bora, kicheko cha kushangazwa na kicheko cha kutua mzigo. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake mgawanyo huu mdogo, tayari amewapa njia ya kuvuka jibu lile la mpishi na chumvi.

Hata hivyo, hatuna haja ya kutegemea Ulaya pekee. Jamii zetu zina utani. Babu na mjukuu hutaniana, shemeji hutaniana, katika sehemu nyingi za Tanzania hata makabila hutaniana. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri kuhusu mahusiano ya namna hii mwaka wa 1940, akionyesha kuwa ni urafiki uliochanganyika na uadui wa mchezo, ambapo mtaniwa hatarajiwi kukasirika. Mtani anaweza kuja hata matangani, wafiwa wangali wanalia, akafanya vituko mpaka wakacheka. Hakuna anayedhani kuwa mtani huyo amekuja kuudharau msiba. Amekuja kuwakumbusha wafiwa kuwa wao wangali hai.

Utani hutufunza jambo ambalo nadharia ya Hobbes haiwezi kulieleza: kuna kicheko kinachojenga udugu. Na ndicho kicheko kinachofaa katika uandishi wa nafsi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwandishi wa tawasifu anayejicheka ni nyani aliyegeuka akaliona, kisha akatuita na sisi tuje kulitazama.

Shaaban Robert: furaha isiyocheka

Hakuna njia ya kuzungumzia tawasifu ya Kiswahili bila kumtaja Shaaban Robert (1909-1962). Maisha Yangu ilichapishwa mwaka wa 1949, na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ilitolewa baada ya kifo chake. Aliyeandika Maisha Yangu alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alianza katika idara ya forodha mwaka wa 1926. Maisha ya karani ni maisha ya uhamisho, mshahara mdogo na amri za wakubwa. Humo humo ndimo alimopata malighafi yake.

Msiba upo katika kitabu hicho, tena wa kweli. Mkewe alifariki akamwachia watoto, na shairi la maombolezo la "Amina" limekuwa miongoni mwa mashairi yake yanayojulikana sana. Lakini tazama anachokifanya baada ya hapo. Anamtungia binti yake, Mwanjaa, Utenzi wa Hati, na mwanawe, Suleiman, Utenzi wa Adili. Mjane huyo hakubaki kuyahesabu machozi. Aliwatazama watoto waliokuwa mbele yake, akaona kuwa anao watu wa kuachiwa maneno. Hiyo ni furaha, ingawa haina meno ya kuonyesha. Ni furaha ya mzazi ambaye jioni, kazi ya ofisi ikiisha, ana kazi nyingine anayoipenda zaidi.

Pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwake, lazima tuseme kuwa msomaji anayetafuta kicheko katika Maisha Yangu atapata kidogo. Mwandishi hujiweka mbele ya msomaji kama mfano wa kuigwa. Anavumilia, anasamehe, anafundisha. Ni nadra kumwona akiteleza na kujicheka. Sisi walimu tumeirithi sura hiyo ya tawasifu: tumewafundisha wanafunzi kuwa anayejiandika sharti awe kielelezo. Mwanafunzi wa miaka 17, ambaye bado hajafanya lolote la kuigwa na taifa, hana budi kubuni ushujaa au kubuni mateso. Hapo ndipo daktari bingwa na mjomba katili wanapozaliwa.

Kwa sababu hii, inafaa tawasifu hiyo isomwe sambamba na Barua za Shaaban Robert 1931-1958, zilizochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2002. Ni barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge. Anayemwandikia nduguye hana haja ya kujitukuza, kwa kuwa ndugu anamjua tangu alipokuwa hajui kufunga vifungo vya shati. Mwanafunzi akilinganisha tanzu hizi mbili, ataelewa kuwa sura ya mwandishi hubadilika kulingana na anayeandikiwa. Hilo ni funzo kubwa kuliko orodha ya sehemu za barua ya kirafiki.

Siti: kicheko kinachojibu kicheko

Shaaban Robert huyo huyo alitupa kitabu chenye mhusika wa aina nyingine: Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya umaskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alitembeza vyungu akiviuza huku akiimba, sauti yake ikimtangulia njiani. Katika kazi hiyo ya kila siku ndipo kipaji chake kilipokomaa. Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na hadi alipofariki mwaka wa 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Wapinzani wake walimcheka. Waliimba kuhusu asili yake duni na sura yake, na kusema kuwa bila sauti angekosa hata cha kula. Hicho ndicho kicheko cha Hobbes, cha anayejiona bora. Siti hakukimbilia baraza la wazee kushtaki. Alijibu kwa wimbo, akiweka akili juu ya uzuri wa sura. Aliuchukua uwanja ule ule wa dhihaka akaugeuza kuwa jukwaa lake. Wahenga walikwisha kuonya kuwa mcheka kilema hafi bila kumfika. Waliomcheka Siti walifikwa na santuri zake.

Mtahiniwa anayejadili kisa hiki asitosheke kusema kuwa kuna dhihaka. Aulize: nani anamcheka nani? Ana mamlaka gani juu yake? Na baada ya kicheko, nani amebaki mkubwa na nani amebaki mdogo?

Walibora: kucheka na lugha

Ken Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020, anajulikana na walimu wengi wa Kenya kupitia Siku Njema (1996), riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab wa Tanga. Riwaya si tawasifu, lakini inaazima umbo la tawasifu, na wanafunzi wengi walijifunza kusema "mimi" katika maandishi kwa kumsikiliza Kongowea. Tawasifu ya Walibora mwenyewe, Nasikia Sauti ya Mama, ilitoka mwaka wa 2014.

Tutaje jambo dogo kumhusu. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Katika Kiswahili, "aula" ni "bora". Yeye akalibadilisha jina likawa Walibora. Jina la Kibukusu lilichezwa kwa sikio la Kiswahili, na mwenyewe akalibeba mchezo huo kwenye jalada la kila kitabu alichokiandika. Huu ni utani wa mtu anayeipenda lugha kiasi cha kuifanya ndugu. Mwanafunzi anayejiuliza atapata wapi cha kuandika aanze na jina lake: nani alilitoa, nani hulitamka vibaya, na lilikwisha kumletea kizaazaa gani.

Kutoka kitabuni hadi darasani

Tuitazame shajara mbili tulizozitunga kwa ajili ya makala haya. Ya kwanza ni ya kawaida:

Jumatano. Leo niliamka saa kumi na moja unusu. Nilipiga mswaki na kuoga. Nilienda shuleni. Jioni nilikula pamoja na wazazi wangu. Nililala nikiwa nimechoka.

Ya pili:

Jumatano. Redio aliyonunua baba kwa fundi inashika stesheni moja tu, nayo ni ya mahubiri. Tumekula ugali mbele ya mhubiri jioni tatu mfululizo. Leo mama alisema "Amina" kabla ya mahubiri kuisha, akaizima. Baba aliitazama redio, akamtazama mama, kisha akacheka hadi akajimwagia chai. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe.

Shajara ya pili haina msamiati mgumu wala methali. Hata hivyo, msomaji ameingia katika nyumba hiyo. Amejua kuwa pesa ni chache, kwa maana redio ni ya kununuliwa kwa fundi. Amejua tabia ya mama. Na katika sentensi ya mwisho amejua kuwa baba alipoteza kazi, na kwamba kimya chake kimekuwa kirefu. Huzuni ipo, lakini imekuja ikiwa imeshikwa mkono na kicheko, na kwa hivyo inaaminika. Mwandishi hakusema "maisha yetu ni magumu", alitukaribisha mezani.

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu ucheshi katika kifungu hicho, jibu zuri litakuwa hivi: mwandishi anatumia ucheshi wa kutotarajiwa, pale "Amina" ya ibada inapogeuzwa kuwa njia ya kuzima redio, ili kuonyesha afueni ya familia iliyobanwa na ukosefu wa kazi. Jibu hilo limetaja aina, mfano na athari. Alama zinapatikana hapo.

Tunawapendekezea walimu zoezi rahisi. Kwa wiki mbili, kila mwanafunzi aandike kila jioni sentensi tatu kuhusu jambo moja lililomfanya yeye au mwenziwe atabasamu siku hiyo. Wa kwanza kuchekwa awe mwandishi mwenyewe. Asimcheke mwenziwe kwa ulemavu, kabila au umaskini, kwani hapo utani hugeuka dhuluma. Na mwanafunzi ambaye nyumbani kwake hakuna la kuchekea asilazimishwe. Huenda sentensi zake tatu ndizo zitakazomwonyesha mwalimu kuwa kuna jambo linalohitaji sikio. Mwalimu naye aandike, awasomee. Darasa likimsikia mwalimu akijicheka kwa siku aliyofundisha kipindi kizima akiwa na chaki shavuni, litaamini kuwa si lazima mtu awe shujaa ndipo aandike.

Hitimisho

Tumeona kuwa kicheko kina sura nyingi: kipo cha kudharau na kipo cha kuunganisha. Tumeona pia kwamba Shaaban Robert alituachia furaha yenye uzito lakini yenye kicheko kichache, kwamba Siti aliigeuza dhihaka kuwa wimbo, na kwamba Walibora alicheza na jina lake mwenyewe. Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuua wazazi wake kwenye karatasi ili aitwe mwandishi. Mama aliyesema "Amina" yuko jikoni sasa hivi. Kilichobaki ni kumtazama.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha utani na dhihaka kwa kutolea mifano kutoka kazi yoyote uliyoisoma.
2. "Tawasifu isiyo na kicheko haina budi kutiliwa shaka." Jadili.
3. Andika shajara ya siku tatu ambamo tukio la kuchekesha linafichua hali ya familia bila kuitaja moja kwa moja.