Ufundi wa Kutenga Mchanga

Uhandisi wa madini, yaani elimu ya kuyatafuta, kuyachimba na kuyachenjua madini, husifiwa zaidi kwa mishahara yake kuliko kwa ufundi wake, na kosa hilo lilistahili kukataliwa kwanza Likoni, ambako kwa takriban mwongo mmoja malori yalishusha mchanga mzito kutoka Kwale ili upakiwe melini. Mchanga huo ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024.

Madini yenyewe yalikuwa matatu: ilmenaiti, oksidi nyeusi ya chuma na titani, rutaili, yenye wekundu wa kahawia, na zirkoni. Kuyatenga na mchanga wa kawaida huanzia kwenye mifereji iliyozungushwa mfano wa parafujo, ambamo mchanga uliochanganywa na maji huteremka, chembe nzito zikikusanyika upande wa ndani na nyepesi zikisukumwa nje, huku fundi akiutazama utepe mweusi unaojichora majini na kusogeza kidogo tu kibao cha kugawia mkondo, kwani akizidisha huingiza makapi na akipunguza hutupa mali, sawa na mpepetaji asiyeujua ungo wake. Kisha sumaku huivuta ilmenaiti. Rutaili na zirkoni, zisizovutwa, hukaushwa na kupitishwa juu ya rola zenye umeme: rutaili, kwa kuwa hupitisha umeme, hupoteza chaji upesi ikarushwa mbali, ilhali zirkoni hung'ang'ania rola mpaka iondolewe kwa brashi, na unyevu mdogo tu hutosha kuivuruga kazi yote.

Elimu hiyo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, Voi, na mhitimu wake aweza kuwa mpangaji wa migodi, mchenjuaji, au mkaguzi wa serikali chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Wapo pia wanaoirejesha ardhi iliyochimbwa, kazi ambayo vijana huidharau, ingawa mfano wake uko Bamburi, Kisauni, ambako kuanzia 1971 René Haller aliotesha mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyobaki mwamba mtupu.

Hata hivyo mchanga wa Kwale ulisafirishwa nje ukiwa mchanga, wakati weupe wa rangi zinazouzwa madukani Changamwe hutokana na titani, na zirkoni hutiwa katika vigae vya sakafu; waliokanyaga vigae hivyo hawakuuliza. Mtambo ukifungwa, mashine huuzwa, lakini ujuzi wa kukisogeza kile kibao hukaa mikononi mwa mtu, naye mtu hufuata riziki iliko. Mwanafunzi wa leo wa Voi huenda akapelekwa kwenye dhahabu ya Migori au Geita, ambako atajifunza kuiyeyusha dhahabu kwa sayanidi, kazi ya heshima isiyo na utepe mweusi wa kutazamwa.