Ufundi wa Kupanda Penye Chumvi

Upepo wa Kusi ukishika kasi, katikati ya mwaka, ndipo bustani za ufukweni hutahiniwa. Rasharasha za mawimbi hupeperushwa hadi nchi kavu, maji hukauka, chumvi ikabaki imeganda kwenye majani. Pita Jambiani au Watamu mwezi wa Julai uangalie bustani iliyopandwa kwa miche iliyonunuliwa bara: upande unaoelekea bahari majani yameungua kingo, matawi yamepukutika, na mtunza bustani anahangaika na mpira wa maji tangu alfajiri. Hatua chache mbele yake, kwenye mchanga ambao hakuna aliyeumwagilia hata tone, mlakasa umetanda kijani kibichi na maua yake ya zambarau yamefunguka.

Wako watu wanaojua kuanzisha bustani kutokana na huo mlakasa, nami nawaheshimu kuliko mafundi wengi wanaoandikwa magazetini. Kazi yao haionekani haraka. Anayepita husema pale ni msitu tu umejiotea, na hajui ni jicho la namna gani lililochagua kila mche na mahali pake.

Mchanga wa pwani yetu, hasa ule mweupe wa mashariki ya Unguja, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Umejaa chokaa, na chokaa hiyo huizuia mizizi kufyonza madini ya chuma, ndiyo maana mmea usiouzoea hugeuka manjano hata ukitiwa mbolea. Maji nayo hayakai; unamimina ndoo, yanazama papo hapo. Mwenye fedha hujibu kwa kuleta malori ya udongo mwekundu na kufunga pampu kisimani. Udongo gharama yake ni ya mwenyewe. Pampu ndiyo inayonitia hofu. Chini ya ufuo, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima hakinyweki tena, chako na cha jirani. Watu wa Lamu wanalielewa jambo hili, maana mji wao umetegemea visima vya Shela, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyoipokea mvua na kuihifadhi. Mimea inayotambaa juu ya vilima vile ndiyo inayovishika visihamishwe na upepo. Kwa hiyo anayepanda mimea isiyodai maji ya kisima anawalindia watu maji yao ya kunywa, hata kama mwenyewe alitaka kupendezesha ua wake tu.

Uangalie huo mlakasa kwa karibu. Jani lake ni nene, limepasuka katikati mfano wa kwato ya mbuzi, na ukilivunja hutoa utomvu mweupe. Shina hutambaa mita nyingi, na vifundo vinavyogusa mchanga huota mizizi. Wimbi likikata kipande, kipande hicho hujitegemea. Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana huweza kuelea baharini miezi na bado ikaota ufuo mwingine. Anayetaka kuiotesha huikwaruza kwa msasa upande mmoja hadi rangi ya ndani ionekane, kisha akailoweka usiku kucha. Zilizofura asubuhi ndizo za kupanda. Wengine hawahangaiki na mbegu: hukata shina lenye vifundo vitatu vinne, wakafukia viwili, wakaacha ncha nje, mvua za masika zikaendeleza kazi.

Lakini kuotesha peke yake si shida kubwa. Ufundi wenyewe uko kwenye kujua nani asimame mbele ya nani. Mlakasa na nyasi za ufuoni hukaa mbele kabisa, mahali ambapo bamvua hufika kwa nadra, kazi yao ikiwa kuunasa mchanga. Nyuma yao kinakuja kichaka ambacho wataalamu hukiita Scaevola, chenye majani manene yanayong'aa na ua la ajabu: petali zake zote zimekaa upande mmoja, ukadhani mtu amelikata nusu akaondoka nayo. Kichaka hicho mchanga ukikifukia, hupanda juu pamoja na mchanga. Hapo chumvi imekwisha kupunguzwa makali, na mkadi unaweza kusimama juu ya mizizi yake ya kuegemea. Ule ule ambao maua yake yenye harufu kali wanawake wetu huyatia kwenye vikuba pamoja na asumini na rehani. Nyuma zaidi panafaa mtondoo, mti wa kivuli kizito ambao waundaji wa majahazi wanaujua kwa mbao zake. Ukiupanda mche mlaini wa mtondoo mstari wa mbele bila kinga, Kusi itaudumaza. Ukiupa walinzi, wajukuu watakaa chini yake.

Nimependa kuwatazama mafundi hawa wakichimba. Shimo hawalifanyi kilima, hulifanya bonde dogo ili mvua ikusanyike. Chini hutandika makumbi ya nazi, yanayoshika unyevu muda mrefu. Mwani uliotupwa na bahari huachwa kwanza unyeshewe, chumvi iishe, ndipo utandazwe juu. Upande wa bahari huegemezwa makuti kwa msimu wa kwanza. Baada ya hapo mmea huachiwa maisha yake, na kuuachia huko ni kazi ngumu kwa mtu mwenye mapenzi.

Nitaulizwa habari za mvinje, kwa kuwa umeenea pwani nzima. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, na siukatai. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo yaliyoachwa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mahali palipobaki mwamba mtupu na maji yenye chumvi. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, mvinje na mti uitwao damas. Majani ya mvinje hayakuoza hadi yalipoletwa majongoo wa miguu myekundu wakayatafuna yakawa udongo. Leo mahali hapo ni Haller Park, panatembelewa na watu wa kila nchi. Mvinje ulistahili sifa zake pale. Ukingoni mwa ufuo wa kasa ni habari nyingine: sindano zake hufunika mchanga mimea mingine isiote, mizizi yake humzuia kasa kuchimba kiota, na wimbi likiula mchanga, mti mzima huanguka.

Ewe mwenye kiwanja ufukweni, kabla hujaita trekta, tembea ukanda wa mbele pamoja na mzee wa kijiji na umwombe akutajie kila kinachoota pale. Kisha mwambie mjenzi aanze kazi nyuma ya ukanda huo. Kama mlakasa bado upo, usiung'oe. Bustani yako ianzie hapo.